Doa la Goti la Kulia

Nimekuwa dobi kwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kupatana na uchafu hata siku moja. Nikiingia nyumbani kwa mtu, macho yangu huenda yenyewe kwenye kola za wenyeji, kwenye pindo la pazia, kwenye kona ya kitambaa cha meza. Siwezi kujizuia. Wanangu walipokuwa wadogo walivua viatu mlangoni na mashati ukumbini bila kuambiwa. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuniambia, nikiwa na miaka sitini na miwili, kwamba kazi yangu wiki ile ni kuchafua kitu kisafi, tena nikichafue kwa ustadi, alikuwa na bahati mbili: kwanza ni mume wangu, pili mkono wake ulikuwa umevunjika kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimemwaga maji ya sabuni uani. Nilisema nitayafagia nikimaliza kuanika. Naye, mtu mzima wa miaka sitini na sita, akatoka na zile ndala zake zilizokwisha kabisa, ambazo nimemwomba azitupe tangu mjukuu wetu wa kwanza hajazaliwa. Akateleza, akapaa, akauangukia mkono. Daktari akamfunga plasta ngumu kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, mkono wa kulia, akasema wiki sita.

Tuliporudi nyumbani hakulalamikia maumivu. Alikaa kwenye meza yake ya dirishani, akaitazama greda yake, akasema, "Basi. Ijumaa imenishinda." Siku ile ilikuwa Jumanne.

Niieleze hiyo greda. Mume wangu aliendesha greda miaka ishirini na minane, lile dude la njano la magurudumu sita, lenye kisu kirefu tumboni cha kukwangua na kusawazisha barabara. Karakana ilikuwa na greda nne, na yake ilikuwa namba tatu. Mwaka juzi walimkatakata namba tatu wakamuuza kama chuma chakavu. Mzee alikwenda kushuhudia, akarudi, akapitiliza kitandani bila kula. Wiki iliyofuata akaanza kumtengeneza upya, mdogo, wa kukaa kiganjani: vipande vya plastiki, nyaya, mirija ya kalamu zilizokwisha wino. Miezi minane. Kila bomba, kila nati, kila kidaraja cha kupandia. Nilimcheka sana, lakini nilikuwa nampelekea chai palepale mezani.

Sasa karakana ilikuwa inafungua chumba cha kumbukumbu, na ndani yake kabati la vioo. Nafasi ilikuwa imebaki moja tu. Mkuu wa karakana alitangaza kwamba mwenye kigezo, yaani mfano mdogo wa mashine, akilete Ijumaa asubuhi, na atakayeamua kama kinafaa ni Mzee Nati. Huyo ni makanika wa zamani aliyezitibu mashine zote za pale, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna mfuko wake uliokosa nati. Asipoona kinachofaa, nafasi itawekwa picha ya mkuu akikata utepe.

Mzee Nati hana mdomo wa kubembeleza. Jirani yetu, Bwana Shindilia, aliyekuwa akiendesha mashine ya kushindilia lami, alishampelekea kigezo chake kikiwa kinameremeta kuliko sahani ya harusi. Mzee Nati alikitazama mara moja tu. "Mwanasesere huyu," akasema. "Kampe mtoto achezee." Shindilia alitusimulia mwenyewe, huku akicheka, lakini macho hayakucheka. Tangu siku hiyo mume wangu alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ni kuambiwa kwamba namba tatu ni mwanasesere.

"Imebaki nini?" nikamuuliza.

"Uchafu."

"Uchafu?"

"Mama Watoto, mashine iliyofanya kazi ni chafu. Iangalie hii. Njano tupu. Nimeshaipaka vanishi, imekauka, bado kutia mchuzi tu. Na mchuzi unataka mkono wa kulia."

Mchuzi ndivyo anavyoiita rangi iliyozimuliwa kwa maji mpaka ikawa nyepesi kabisa, karibu maji matupu. Haipakwi kama unavyopaka ukuta. Unachovya brashi nyembamba, unagusa tu kwenye mfereji, pale mlango unapokutana na bodi au pembeni mwa nati, na rangi inakimbia yenyewe kuufuata ule mfereji mpaka mwisho. Pa juu panabaki njano, pa ndani panakuwa peusi, na ghafla unaona kila kiungo. Ndivyo alivyonieleza, akipunga lile gogo la plasta hewani.

"Mkono wangu wa kulia uko mzima," nikasema. Nilijisikia vibaya kuhusu yale maji ya sabuni, la sivyo nisingesema.

Jumatano asubuhi tukaanza. Yeye kiti cha nyuma, mimi cha mbele, naye akatoa amri kama bado ana vibarua ishirini chini yake. Nikakoroga rangi nyeusi na ya kahawia kwenye kifuniko cha chupa, nikatia maji, nikachovya, nikagusa mfereji wa mlango.

Mchuzi haukukimbia. Ulijikunja ukawa tone, ukakaa juu ya vanishi ukitetemeka.

"Ongeza maji," akasema.

Nikaongeza. Tone likawa kubwa zaidi.

"Inamisha."

Nikainamisha. Tone likabiringika juu ya mlango wote, likaruka, likatua kwenye gauni langu. Nikatamka neno ambalo sitaliandika.

"Unaibonyeza sana brashi," akasema. "Gusa kama unamgusa mtoto."

"Nimelea watoto wanne, usinifundishe kugusa mtoto."

Tukaendelea hivyo saa nzima. Yeye akaja na nadharia ya joto, kisha nadharia ya brashi, kisha akaanza kuilaumu rangi. Mimi nikawa nalitazama lile tone tu, maana nilikuwa nimeliona mahali. Shati jipya lenye wanga mwingi, ukilidondoshea maji, hufanya vilevile. Maji yanakaa juu, hayaingii. Dobi anayejua kazi yake haongezi maji hapo.

Nikainuka, nikaenda jikoni, nikarudi na chupa ya sabuni ya vyombo.

"Hapana!" Mzee akaikumbatia greda kwa mkono mmoja. "Usiitie sabuni mashine yangu. Sabuni imeshanivunja mkono!"

"Basi iache ije iombe radhi."

Mara ya kwanza nilizidisha, kwa sababu mkono wangu umezoea beseni, si kifuniko cha chupa. Kifuniko kikajaa povu, na mzee akainua macho juu akaomba subira kwa sauti. Nikamwaga, nikakoroga upya, safari hii nikachovya ncha tu ya kijiti cha meno kwenye sabuni, nikaizungusha polepole. Nikagusa mfereji wa mlango.

Ukakimbia. Ulishuka kwenye mfereji, ukakata kona, ukaufuata ukingo wa chini, ukapanda upande wa pili, mpaka mlango mzima ukawa umechorwa mstari mwembamba ambao mkono wa binadamu usingeweza kuuchora. Sote wawili tulipiga kelele. Mzee akapiga meza kwa furaha, akaipiga kwa mkono wa plasta, akapiga kelele nyingine tofauti.

Hapo nikanogewa, sifichi. Nikagusa nati, mchuzi ukaizunguka. Nikagusa chini ya boneti, ukatambaa. Palipojaa kupita kiasi, nilinyonya kwa brashi nyingine yenye unyevu, na pale nilipotaka kurudia kabla hapajakauka alinizuia, maana hapo ndipo panapotokea alama za madimbwi. Kufikia adhuhuri greda yote ilikuwa na mistari yake, vumbi lake na kutu yake. Mzee aliizunguka mara tatu. "Mama Watoto," akasema, "ungekuja karakana zamani tungekuajiri." Kisha akaondoka kwenda kliniki akaangaliwe vidole vilivyovimba, akipiga mluzi barabara nzima.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Nilibaki peke yangu na ile mashine. Nikafagia chumba. Nikapanga brashi. Kila nikipita mezani naiona, chafu. Nikajiambia nisiiangalie. Nikaipa mgongo nikakunja mashuka ya mteja. Nikageuka. Pale kwenye kona ya boneti palikuwa na kidoa kimoja ambacho kwa kweli kilikuwa kimezidi, hata yeye angekubali. Nikachukua pamba na spiriti kidogo, nikakifuta hicho tu. Lakini ukishafuta mahali pamoja, pembeni yake panaonekana pachafu zaidi. Kila dobi anajua hilo. Nikafuta pembeni. Kisha mlango. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi iliyoizoea, na mimi nilikuwa nafikiria mambo mengine kabisa, sijui bei ya klipu za kuanikia. Nilipozinduka, pamba ilikuwa nyeusi na greda ilikuwa inang'aa, vanishi imetoka mabaka, na kwenye kona mbili hata njano imebanduka.

Mzee aliingia na mluzi wake. Mluzi ukakatika mlangoni.

Alisogea mezani, akainama, akaitazama muda mrefu. "Umeifua," akasema.

Alisema taratibu tu. Angefoka ningejua la kufanya, maana akifoka huwa namjibu, miaka thelathini na minane sasa, na sijashindwa. Hakufoka. Nikamwomba radhi mara tatu, na mara zote tatu akajibu kwamba si kitu. Alikula nusu ya chakula chake, akanisifia upishi, akaingia kulala kabla ya taarifa ya habari. Nililia jikoni, na nilikuwa nimejikasirikia hasa.

Alhamisi asubuhi nikamwambia nitairudia. "Acha tu," akasema. "Nitaipeleka hivyohivyo, aseme anachosema." Akachukua kofia akaenda kukaa kwa Shindilia, wafanye kikao cha wanasesere.

Nikaziba kona kwa njano. Nikapaka vanishi upya, nikaweka greda juani ikauke. Nikakoroga mchuzi, ncha ya kijiti cha meno, sabuni kiduchu, yote kama jana. Kisha nikakaa na brashi mkononi nisijue pa kuanzia. Jana yeye ndiye aliyekuwa akiniambia hapa grisi, hapa vumbi, hapa acha. Mimi hiyo mashine sikuwahi kuipanda. Niliiona kwa mbali labda mara mbili, na zote mbili ilikuwa imeoshwa kwa ajili ya wageni.

Lakini ovaroli zake nilizifua mimi.

Alikuwa anakaa porini akitengeneza barabara wiki tatu, wiki nne, kisha anarudi na furushi la ovaroli zilizoweza kusimama zenyewe. Nilizipokea, nikazitandaza, nikazisoma kabla ya kuziloweka. Kila dobi husoma kwanza. Nikaenda kwenye sanduku chini ya kitanda nikaitoa ile ya mwisho, niliyoifua siku alipostaafu. Ilikuwa safi, nilijitahidi, ila goti la kulia lilikuwa na doa. Doa hilo lilinishinda miaka yote. Nililitia mafuta ya taa, nikalitia ndimu, nikalisugua mpaka kitambaa kikaanza kuwa wavu, na kila aliporudi lilikuwa limerudi naye, jeusi, la mafuta mazito, palepale. Nilikuwa nalionea aibu. Niliikunja ovaroli upande huo uwe ndani, watu wasione.

Nikaichukua greda nikaisogeza machoni. Mume wangu alitengeneza kila kitu, hata kiti. Upande wa kulia wa kiti, sawasawa na goti la mtu aliyekaa, lilipita bomba jembamba la mafuta lenye kiungio katikati.

"Kumbe wewe," nikaliambia. "Kumbe ni wewe."

Nikagusa kile kiungio kwa ncha ya brashi, mchuzi mweusi, mzito kidogo. Ukakizunguka, ukaning'inia, ukashuka mstari mmoja hadi sakafuni kwenye pedali. Baada ya hapo sikuuliza mtu. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kikirudi na udongo mwekundu, kwa hiyo alikuwa anakiegemeza dirishani. Nikatia mchuzi mwekundu kwenye ukingo wa dirisha la kushoto. Mapaja kwa mbele yalikuwa na tope lenye alama za milia, kwa hiyo ngazi ilikuwa na tope na alikuwa anajisugua nayo akipanda, nikavitia tope vidaraja. Mikono ya ovaroli ilikuwa na grisi hadi nusu, wa kulia zaidi ya wa kushoto, basi vishikio vya kulia nikavitia zaidi. Mgongo ulikuwa karibu msafi, basi kiti nikakiacha. Nilifanya kazi hadi alasiri, mara mbili nyembamba badala ya moja nzito, na mikono iliponiwasha kutaka kushika pamba, niliikalia hiyo mikono.

Ilipokauka nikaifunga kwa kitambaa laini nikaitia kwenye boksi la viatu. Mzee aliporudi nikamwambia imo humo, aiangalie.

"Sitaki kuiona," akasema.

"Basi utaiona huko huko, na Mzee Nati."

Ijumaa tulikwenda. Chumba cha kumbukumbu kilinukia rangi mbichi. Mkuu wa karakana alikuwa amesimama karibu na kabati, picha yake mwenyewe kwapani, imeshatiwa fremu. Shindilia alikuja kutusindikiza, au kutuzika, sikumuuliza. Mzee Nati alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mwembamba, amestaafu miaka kumi na bado kitambaa cha kufutia mafuta kinaning'inia mfuko wa nyuma.

Nilimpa boksi. Mume wangu akageuza uso akatazama sakafu.

Mzee Nati akafunua kitambaa. Akaivaa miwani. Aliitazama boneti, akayatazama magurudumu. Akaigeuza upande wa kulia. Akatulia hapo. Kisha, bila kuondoa macho, mkono wake ukaenda nyuma, ukavuta kile kitambaa, na kwa ncha yake akaanza kufuta kiungio cha bomba. Alifuta mara mbili. Akatazama kitambaa. Kilikuwa safi.

"Bado linavuja," akasema.

Shindilia akasogea karibu.

"Namba tatu," akaendelea, na alikuwa bado hajageuza nyuma palipoandikwa namba. "Hili bomba nimelibadilisha mara saba. Mara saba likarudia. Nilistaafu linavuja. Wewe bwana, umekumbuka hata bomba langu?"

Ndipo mume wangu alipoinua uso akaiona. Aliiona yote, dirisha, ngazi, bomba.

"Si mimi," akasema. "Mimi nilishalisahau. Ni mke wangu."

"Shemeji?" Mzee Nati akanigeukia. "Shemeji, wewe hujawahi kupanda namba tatu."

"Sijapanda. Lakini goti lake la kulia nimelisugua miaka ishirini na minane."

Mzee Nati alicheka mpaka miwani ikamtoka. Alisimama, akafungua kabati mwenyewe, akaiweka greda katikati ya rafu, akaigeuza upande wa bomba uwe mbele. Mkuu akaipeleka picha yake ofisini.

Mume wangu alibaki amenitazama. Machozi yake nimeyaona mara chache, na hiyo ilikuwa mojawapo. "Wiki zote zile kule porini," akasema, "nilidhani niko peke yangu." Mbele za watu, akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto. Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikajifanya natazama kama kioo cha kabati kimefutwa vizuri. Hakikuwa kimefutwa vizuri.

Njiani kurudi Shindilia alitembea nyuma yetu. Tulipofika kwenye lango lake akakohoa.

"Shemeji," akasema, "ule mchuzi wako. Huwezi kunitilia na mimi kidogo? Mkuu amesema ataongeza rafu."

"Siwezi kuanza hewani," nikamwambia. "Niletee ovaroli."

"Ile ya mwisho? Sikuwahi kuifua. Iko stoo, inanuka lami."

"Hiyohiyo."

Ameileta. Tangu Jumapili imetundikwa sebuleni kwangu, na kila anayeingia hushangaa, maana hakijapata kuonekana kitu kichafu kama hicho nyumbani kwa dobi. Mume wangu amekwisha kuonywa, na mimi nimejionya mwenyewe, kwamba hakuna mtu kuigusa kwa sabuni. Kila asubuhi navuta kiti mbele yake, nakunywa chai, naisoma.